Sinia la Mifupa, Bonde la Hatta

Basi dogo la kampuni alilokuwa akiendesha Mzee Kombo lilikuwa na harufu tatu, na hata leo nikifumba macho naweza kuzitenganisha kama mtu anayechambua mchele. Ya kwanza ilikuwa udi wa mama, aliojifukiza alfajiri ya Ijumaa kabla hatujatoka chumbani kwetu Al Nahda. Ya pili ilikuwa pilau iliyofungwa kwa taulo ndani ya sufuria, chini ya kiti cha nyuma, ikivuja mvuke wa bizari kila tulipopita juu ya tuta. Ya tatu ilikuwa mbwa. Hakukuwa na mbwa ndani ya basi, na kwa jinsi Mzee Kombo na mama yangu walivyokuwa, asingeweza kuwamo. Harufu hiyo ilitoka kwenye suruali ya anko Mutiso, Mkenya wa Machakos, mlinzi aliyekesha akizunguka na mbwa wawili wa kazi kwenye maghala ya Jebel Ali. Alipanda basi letu moja kwa moja kutoka zamu, macho mekundu, sare mwilini, manyoya ya mbwa yamemganda magotini.

Nayasimulia haya nikiwa mtu mzima mwenye stashahada ya uongozaji watalii, niliyoisomea jioni huku mchana nikifanya kazi, bila mjomba serikalini na bila mtu wa kunishika mkono. Ninaendesha kampuni yangu mwenyewe ya kupandisha wageni milimani hapa Morogoro. Ina waongozaji kumi na mmoja, na wote niliwafundisha mimi. Sioni haya kusema hivyo. Wengi tuliorudi kutoka Uarabuni tulirudi na televisheni na mablanketi mazito yasiyofaa kwa joto letu. Mimi nilirudi na kitu ambacho hakikuhitaji kupimwa uzito uwanja wa ndege. Wageni wakiniuliza nilijifunza wapi kumkabili mnyama njiani, hungoja nitaje chuo au hifadhi. Nawaambia Dubai. Hucheka, kwa sababu Dubai wanayoijua ni ya vioo na maduka. Hawajui kwamba nyuma ya vioo kuna jangwa, na baada ya jangwa, mwendo wa saa moja na nusu, kuna milima ya mawe makavu inayoitwa Hatta.

Tulikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili, wakati kila dirisha la Dubai lilitazamana na winchi ya ujenzi. Baba alikuwa mtunza stoo wa kampuni ya ujenzi, na kwa kazi hiyo alipata ruhusa ya kutuleta kutoka Tanga, mimi na mama. Rahma, mdogo wangu, alizaliwa kule kule. Tuliishi kwenye chumba kimoja cha nyumba ya vyumba vitatu, tukigawana jiko na familia mbili nyingine, na dirisha letu lilitazama upande wa Sharjah. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, Rahma mitano. Msimu ule wa baridi arbab wa baba, yaani bosi wake, alikubali basi la wafanyakazi litumike Ijumaa kwa matembezi, ilimradi Mzee Kombo aliendeshe yeye mwenyewe na alirudishe safi. Ndipo tukaanza kwenda Hatta karibu kila Ijumaa, tangu joto lilipokatika mpaka lilipoanza kurudi. Kwa watoto waliozoea kucheza kwenye korido ya ghorofa ya tisa, ule ulikuwa msimu wa kujua kwamba tuna miguu.

Mzee Kombo alikuwa Mzanzibari aliyeishi Dubai kabla baba hajaoa, na lugha yake ya Unguja hakuichanganya na chochote. Mutiso alikuwa rafiki wa baba kwa sababu ya mpira. Kati ya wawili hao palikuwa na vita ya kudumu juu ya kiti cha mbele. "Weye Mutiso, kaa huko nyuma kabisa," Mzee Kombo alimwambia kila Ijumaa. "Mie nina udhu wangu hapa, sitaki kuuharibu kabla ya msikiti." Mutiso alijibu akifunga macho tayari kulala, "Mzee, hii si harufu ya mbwa, hii ni harufu ya mshahara. Halafu mbwa wangu anaogeshwa mara mbili kwa wiki. Wewe je?" Mzee Kombo alisema astaghfirullah, akawasha basi, na baba akacheka mpaka tukafika barabara kuu.

Lazima nieleze jambo la mbwa nyumbani kwetu, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Mama alilelewa Tanga, na alichofundishwa ndicho alichotufundisha: mate ya mbwa ni najisi, akikulamba au akigusa nguo yako kwa ulimi, panaoshwa mara saba, na mara moja kati ya hizo ni kwa udongo. Kwenye ghorofa ya tisa udongo utautoa wapi? Kwa hiyo mama alihifadhi kopo la udongo chini ya sinki, aliouchota kwenye bustani ya barabarani, kwa tahadhari. Kwenye jengo letu palikuwa na Mzungu mmoja mwenye mbwa mdogo mweupe. Lifti ikifunguka na yule mbwa yumo ndani, mama alituvuta nyuma kwa kola, akakunja buibui lake mpaka magotini, na tukasubiri lifti nyingine. Tukikutana naye chini, kwenye maegesho, amri ilikuwa moja: "Kunjeni nguo, kimbieni." Tulikimbia. Rahma alijua kumkimbia mbwa kabla hajajua kufunga viatu. Mama hakuwa na ubaya na mbwa, jambo hilo nataka lieleweke. Alichoogopa ni ulimi wake tu. Njaa yake aliihurumia kama ya kiumbe kingine chochote.

Ijumaa ya kwanza Hatta, baba na Mzee Kombo waliposwali msikiti wa pale mjini, tuliendesha mpaka mwisho wa njia ya changarawe, kisha tukatembea kwa miguu ndani ya wadi, bonde la mto uliokauka. Mawe yalikuwa ya rangi ya chuma kilichoungua. Palikuwa na kimya ambacho sikuwahi kukisikia. Al Nahda haikuwa na kimya hata alfajiri. Tulitandika mkeka chini ya mti wa mgunga, tukala pilau na mbuzi wa kuchoma, na tulipomaliza mama alitazama mifupa na wali uliobaki kwenye sinia la alumini. Mama hakuwahi kutupa chakula. Mjini alikipeleka kwa paka wa nyuma ya jengo. Pale alitazama huku na huku, akaona mbwa watatu wamesimama juu ya ukingo wa mlima, wembamba, rangi ya mawe yenyewe. Walikuwa mbwa koko, waliotupwa au waliozaliwa huko huko, wasio na mwenyewe. Mama akabeba sinia mpaka kwenye jiwe pana lililo bapa kama meza, hatua kama mia kutoka mkekani, akamimina. Alirudi akipangusa mikono, ameridhika. Tulipokuwa tunaondoka, nikageuka nikawaona wamelizunguka jiwe.

"Mama Asha," Mutiso alisema siku hiyo hiyo, kwa adabu, kofia mkononi, "usiwawekee chakula hawa."

"Kwa nini, kaka? Si viumbe vya Mungu?"

"Ni viumbe, sikatai. Lakini mbwa wa porini anakuogopa, na hiyo woga ndiyo ukuta kati yako na yeye. Ukimlisha unabomoa. Wiki ijayo atakuja karibu. Ile ingine, atakuja kuuliza mbona umechelewa."

Mama alicheka, akasema mbwa hana saa. Baba akamwambia Mutiso kwamba kazi ya ulinzi imemfanya aone wezi hata kwenye mawe. Yakaishia hapo. Wala hakuna aliyegombana na mwenzake. Ijumaa iliyofuata mama aliongeza kikombe cha mchele kwenye pilau, na sote tulijua kikombe hicho ni cha nani.

Mutiso alipoona maneno hayafui dafu kwa wakubwa, akahamia kwa watoto. Baada ya kula, badala ya kulala, alitupanga mimi na Rahma kwenye mchanga wa wadi na kutufundisha kama askari. Yeye mwenyewe alikuwa mbwa. Alipiga magoti na sare yake, akatambaa kwa miguu minne, akinguruma, na Mzee Kombo kutoka mkekani akapaza sauti, "Lione lilivyofanana! Hata halihitaji kuigiza." Mutiso alimbwekea yeye kwanza, kisha akarudi kwetu. Sheria zake nazikumbuka kwa mpangilio wake. Kwanza, mtoto mdogo anainuliwa juu, kifuani au begani, kwa sababu kwa mbwa kitu kidogo kinachokwenda chini ni windo. Pili, usikimbie, anayekimbia anafukuzwa, na hakuna mtoto aliyezaliwa anayemshinda mbwa mbio. Tatu, simama kama nguzo, uso umemwelekea. Nne, jifanye mkubwa, fungua koti, fungua kanga, inua mkono. Tano, sauti ya tumboni, si ya kooni. Kooni ni kilio, na kilio kinamwita. Sita, rudi nyuma polepole bila kumpa mgongo mpaka upate ukuta, gari au watu. "Mbwa, mbweha, mbwa mwitu, sheria ni hiyo hiyo," alisema. "Ukoo mmoja, tabia moja."

Kisha alikuwa akiuliza swali lake, ghafla, hata tukiwa tunakunywa chai: "Mdogo wapi?" Nasi tulipaswa kujibu "Juu!" papo hapo, nami nimwinue Rahma. Rahma aliupenda mchezo ule kuliko kitu chochote cha Hatta. Alikuwa akinyoosha mikono yote miwili juu hata kabla Mutiso hajamaliza kuuliza, vidole vikichezacheza, na mimi namchukua kwapani namkalisha kiunoni. Alikuwa mzito kwa umri wake. Mimi nilipenda sheria ya tatu. Niliweza kusimama bila kupepesa macho huku Mutiso akinijia anabweka mpaka mate yake yakanirukia mashavuni, na sikutikisika. "Huyu," alimwambia baba, "huyu ni nguzo ya zege. Huyu ungempa sare." Hapakuwa na mtu aliyewahi kunisifu kwa kitu kabla ya hapo. Nilienda shuleni nikiwa nguzo, nikalala nikiwa nguzo.

Ijumaa ziliendelea. Mbwa watatu wakawa watano, wakawa saba. Mwanzoni walikuwa ukingoni mwa mlima, kisha katikati ya mteremko, kisha kwenye migunga ya upande wa pili. Kuna Ijumaa tulifika tukawakuta wamelala karibu na jiwe bapa, na waliposikia mlango wa basi waliinua vichwa wote pamoja, bila kuondoka. Mutiso alichukua jiwe akawarushia, wakasogea hatua chache, wakakaa tena. Mama alisema, "Wametuzoea, masikini." Baba alisema kweli, wametuzoea. Nakumbuka niliona fahari kwamba kuna viumbe Dubai wanaotutambua.

Siku yenyewe ilikuwa na ukungu wa vumbi, jua limefifia kama nyuma ya pazia. Tulikula mapema. Baba alikuwa amelala, Mzee Kombo anasoma uradi wake, Mutiso ameenda kwenye basi kuchukua thermosi ya chai. Mama mguu ulimuuma, alikuwa ameteleza kwenye jiwe asubuhi, basi akaniambia, "Asha, chukua sinia hili ukamwage pale kwao. Usiwakaribie wakakulamba." Nikabeba sinia kwa mikono miwili, limejaa mifupa na wali, na Rahma akanifuata nyuma akiimba. Hakuna aliyemwambia asinifuate. Tulikuwa tumefika nusu ya njia walipotoka nyuma ya jiwe. Hawakubweka. Walikuja wamepangana pande mbili, vichwa chini, na yule wa mbele, jike lenye sikio lililochanika, alikuwa ametazama sinia.

Nikasimama. Nilisimama kama nilivyofundishwa, uso mbele, miguu imeachana, sikupepesa. Rahma alikuwa ubavuni kwangu. Nilimwona kwa pembe ya jicho akigeuka kunitazama, akanyoosha mikono yake yote miwili juu, vidole vikichezacheza, kama Ijumaa zote. Hakulia wala hakupiga kelele. Alingoja. Sijui alingoja kwa muda gani. Inawezekana ni kwa muda wa kuvuta pumzi mbili. Mikono yangu ilikuwa na sinia. Nilikuwa nimelishika kwa nguvu mpaka ukingo wake ulinikata kiganja. Sikufikiria kuliangusha. Sikufikiria kitu chochote. Kichwani mwangu hapakuwa na hofu, hapakuwa na mama, hapakuwa na sheria ya kwanza. Palikuwa na nguzo tu. Kisha Rahma akashusha mikono, akakunja gauni lake juu ya magoti kama mama alivyotufundisha, akakimbia.

Mbwa walinipita. Nilisikia upepo wao kwenye sketi yangu, mmoja kushoto, wawili kulia, na harufu yao ilikuwa ile ile ya suruali ya Mutiso. Hakuna aliyenigusa. Nyuma yangu Rahma alilia mara moja, sauti ya kooni, kisha sauti nyingine ikafuata, nzito, ya tumboni, ambayo ilipiga milima ikarudi. Ilikuwa ya Mutiso. Alikuja mbio kutoka kwenye basi, koti amelifungua kama mabawa, thermosi ameirusha, na alipowafikia hakusimama mpaka akawa katikati yao. Akamnyanyua Rahma mpaka begani. Akarudi nyuma polepole, akiwatazama, akitoa ile sauti. Mbwa walisimama. Walirudi. Walirudi kwangu, wakanizunguka, wakitazama sinia, na Mutiso akapaza sauti, "Asha! Tupa! Tupa hiyo kitu!" Baba ndiye aliyewafukuza kwa mawe, akanibeba. Sinia nililiachia mkekani, na hata mfupa mmoja haukuwa umedondoka.

Mbwa walikuwa wamemng'ata Rahma kwenye shavu la mguu wa kushoto na juu kidogo ya goti. Damu haikuwa nyingi kama nilivyotarajia, lakini nyama ilikuwa imefunguka. Mama alikuja akichechemea, ameshika dumu la maji mkono mmoja na kiganja cha udongo mkono wa pili. Alikuwa anahesabu kwa sauti, moja, mbili, akimwaga maji, na alipofika mara ya tatu akapeleka udongo kwenye jeraha. Mzee Kombo akamshika kifundo cha mkono. Yule Mzee Kombo ambaye hakumruhusu Mutiso kukaa kiti cha mbele.

"Wacha, Mama Asha. Wacha udongo."

"Mara saba, Mzee. Na udongo."

"Mtoto ataoza mguu! Hii dharura, Mungu anaiona. Lete sabuni. Sabuni na maji tu, tena mengi, tena uoshe kweli kweli."

Wakaosha mpaka madumu yote mawili yakaisha. Kisha Mzee Kombo akafungua mlango wa mbele wa basi na kumwambia Mutiso, "Panda hapa na mtoto. Hapa hapatikisiki." Mutiso akakaa kiti cha mbele kwa mara ya kwanza, na sare yake, na manyoya yake, na damu, Rahma amelala kifuani pake. Mzee Kombo hakufungua dirisha. Aliendesha mpaka hospitalini kwa mkono mmoja kwenye honi. Mimi nilikaa nyuma kabisa, kwenye nafasi ya Mutiso, na kitu pekee ninachokumbuka ni kwamba nilihesabu nguzo za umeme.

Rahma alishonwa, akachomwa sindano za kichaa cha mbwa, moja siku ile na nyingine kwa siku tulizopangiwa. Wiki zote hizo mama hakula vizuri, akimtazama aone kama anaogopa maji, kwa sababu mtu fulani kwenye jengo alimwambia hiyo ndiyo dalili. Rahma hakuogopa maji. Alipona. Hatukwenda tena Hatta. Mama alivunja kopo la udongo kwa nyundo, na hakuwapelekea tena paka chakula. Alianza kupika kidogo.

Hapo ndipo lilipoanza jambo ambalo limenichukua miaka mingi kuliandika. Wageni walipokuja kumpa pole, baba aliwasimulia. Na baba alipenda kusimulia. "Asha alisimama kama nguzo," alisema. "Mbwa saba, hawakumgusa. Sinia mkononi, hata mfupa mmoja haukudondoka! Kama na mwenzake angesimama, tusingefika hospitali." Wageni walinitazama, wakasema mashallah. Rahma alikaa kwenye zulia na bandeji yake, anasikiliza. Alikua na sentensi ile. Akianguka baiskeli, aliambiwa angekuwa kama dada yake asingeanguka. Akifeli hesabu, aliambiwa ana haraka, hajui kutulia. Kampuni ya baba ilipofungwa, winchi ziliposimama na sisi tukarudi Tanga na maboksi yetu, sentensi ile ilisafiri nasi. Mtu mzima pekee aliyeikumbuka sheria ya kwanza alikuwa Mutiso. Siku alipokuja kumtazama Rahma hospitalini alinivuta pembeni, akachuchumaa, akaniuliza taratibu, "Mdogo wapi?" Nilimtazama. Alinishika kichwa, akasema, "Khalas, yameisha, Asha. Wewe pia ni mtoto." Hakumwambia baba. Sijui yuko wapi leo.

Watu wengine wangeandika hapa kwamba walilia. Sikulia. Nimejitafuta mara nyingi nione kama kuna kitu, na ninachokuta ni baridi ya alumini kiganjani. Kwa baridi hiyo nimefanya mengi. Nilisoma. Nilibeba mizigo ya wageni kabla sijaruhusiwa kuwaongoza. Nimesimama mbele ya nyani dume kwenye njia ya Uluguru akiwa amekenua meno, watu wazima nyuma yangu wanatetemeka, na mapigo ya moyo wangu hayakubadilika. Wananiita Nguzo, waongozaji wangu, wakidhani sijui. Nilijenga kila kitu juu ya sifa ile, na nimejenga vizuri. Kila nilipofundisha sheria za Mutiso nilizifundisha zote, ila nilianzia na ya pili. Ya kwanza niliiweka mwishoni, kama nyongeza.

Mwaka huu Rahma alikuja kunitembelea na binti yake wa miaka minne. Ni muuguzi sasa, mwenye mdomo na vicheko, na huvaa soksi ndefu hata kwenye joto. Niliwapandisha kwenye njia fupi, ile ya maporomoko. Kwenye kona ya juu, karibu na shamba la maharage, mbwa wawili wa mkulima walitoka wakibweka. Nikasimama, uso mbele, kama kawaida. Nilipogeuka, binti alikuwa tayari begani kwa mama yake, na mkoba wa Rahma, chupa ya maji na simu vilikuwa chini kwenye vumbi. Alikuwa ameviachia vyote kwa pamoja. Mkulima akawaita mbwa wake, akaomba samahani, yakaisha.

Alipoinama kuokota vitu vyake nikamwambia. Sikupanga. Nilisema, "Siku ile Hatta uliinua mikono."

"Najua," akasema.

"Nilidhani umesahau. Ulikuwa na miaka mitano."

"Sijasahau, dada." Alikuwa anapangusa kioo cha simu kwa upindo wa mtandio. "Nilikuwa nangoja uweke sinia chini. Niliona halishuki, nikafanya ya mama."

"Na miaka yote baba anasema—"

"Baba alifurahi kusema. Wewe ulifurahi kusikia. Mimi mguu ulikuwa umeshapona." Akamshusha binti, akamfunga kamba ya kiatu. "Twende, jua litatukuta hapa. Au bado umesimama?"

Alicheka. Nilitembea nyuma yao mpaka chini.

Bonde la Hatta, naambiwa, sasa lina bwawa lenye mitumbwi ya kukodisha, na vibao vinavyokataza kulisha wanyama. Mama amezeeka, akimwona mbwa hukunja nguo, kisha hukumbuka, akasimama. Mimi nina ofisi yenye ubao, na kwenye ubao nimefuta mpangilio wangu wa zamani wa sheria. Kila asubuhi kabla ya kupanda, wageni wangu hufanya mazoezi uwanjani wakiwa wameshika kitu: kamera, fimbo, chupa, chakula chao cha mchana. Mwongozaji anauliza ghafla, mdogo wapi, na kabla hawajajibu wanatakiwa waachie walichoshika. Wengi hushindwa mara ya kwanza. Wanainua mkono mmoja na kubana kamera kwa mwingine, kisha wanatucheka kwamba tunawaharibia vitu. Tunarudia. Mimi hukaa ngazini na chai yangu, sitazami. Nasikiliza mpaka kila kitu kimedondoka, ndipo nawaambia tunaweza kuanza safari.